Abiria wa Kanaani: jina la Waebrania lilitoka wapi?

Mwezi Juni uliopita baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu anayelima kahawa na migomba kule Usangi, alituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ujumbe mrefu wenye kichwa "SISI NI WAEBRANIA". Alianza na tohara, akaja kwenye desturi ya kumrithi mjane wa ndugu ili jina la marehemu lisipotee, akapitia matuta ya mawe na ndiva, yaani mabwawa ya kumwagilia, ambazo wazee wetu walizijenga milimani, kisha akafika kwenye hoja ambayo bila shaka ndiyo iliyomsukuma kuandika: kwamba Wamisri wa kale walichonga kwenye mawe habari za watu walioitwa Shasu, watu wa Yahwe, na sisi Wapare lugha yetu inaitwa Chasu. "Mwanangu uliyesoma," alimalizia, "kanusha hilo."

Nilimjibu kwa shikamoo na ahadi kwamba nitaandika kwa kirefu. Nimechelewa, kwa sababu swali lenyewe la Waebrania walikuwa nani ni gumu kuliko swali la kama sisi ni wao.

Nianze na hoja yake iliyo bora, maana ameokota kitu ambacho wachungaji wengi hawajakisikia. Huko Soleb, ndani ya Sudan ya leo, Farao Amenhotep wa Tatu alijenga hekalu katika karne ya 14 KK, na kwenye nguzo zake aliamuru zichongwe sura za mateka waliofungwa mikono nyuma, kila mmoja akiwa na jina la nchi yake ndani ya duara la mviringo wa yai. Mojawapo ya majina hayo husomeka "nchi ya Shasu ya Yhw". Shasu lilikuwa jina ambalo Wamisri waliwaita wafugaji wa kuhamahama wa kusini mwa Kanaani na ng'ambo ya Yordani, na wataalamu wengi wanaliona neno hilo la pili kuwa ndiyo mara ya kwanza jina la Mungu wa Israeli kuandikwa popote, ingawa pale limetumika kama jina la mahali. Hadi hapo baba mdogo yuko sawa kabisa. Anapoteleza ni kwenye ngeli. Mpare mmoja ni Mwasu, wengi ni Vaasu, na lugha yao ni Chasu, kwa hiyo ukiiondoa "ch-" ya lugha inabaki "-asu", na ile "sh" aliyoipenda haipo tena. Shasu la Wamisri linatokana na kitenzi chao chenye maana ya kutembea, na "sh" yake ni sehemu ya mzizi. Anayejua kwamba Kichaga na Uchaga si maneno mawili tofauti hawezi kushindwa kuliona hilo.

Tena madai ya namna hii ni ya zamani kuliko simu zetu. Mwaka 1904 Moritz Merker, ofisa wa jeshi la Wajerumani aliyekuwa na kituo chake Moshi, alichapisha kitabu kinene kuhusu Wamasai akidai kwamba wao na Waisraeli wa kale walikuwa watu wa asili moja, na akaweka humo simulizi zinazofanana mno na kitabu cha Mwanzo. Wasomi waliokuja baada yake hawakukubaliana naye. Ila mwelekeo wake ulibaki, na kiini chake hakikuwa kuwatukuza Wamasai: ni ile imani ya wakoloni kwamba kila chenye mpangilio katika Afrika lazima kiwe kimeletwa na mgeni. Ndiyo maana hoja ya ndiva iliniuma zaidi kuliko nyingine zote. Ndiva zilichimbwa na Wapare. Sioni zitapata heshima gani mpya tukisema zilichimbwa na wana wa Yakobo.

Sasa jina lenyewe. Nilikuwa kwenye kivuko cha Kigamboni, nimebanwa kati ya bajaji na mama mwenye ndoo ya dagaa, kipaza sauti kikirudia kuwaomba abiria wakae mbali na geti, ndipo lilipoingia akilini jambo ambalo nilikuwa nimelisoma bila kulisikia. Neno "abiria" tumelipata kwa Waarabu, kutoka mzizi wa ain, ba na ra, wenye maana ya kuvuka, na wazee wa pwani walikuwa na kitenzi chake pia, kuabiri, yaani kusafiri kwa chombo. Kiebrania kina mzizi huohuo wa herufi tatu, wenye maana ileile, na humo ndimo linamotoka neno "ivri", Mwebrania. Wayahudi waliotafsiri Torati kwa Kigiriki walilielewa hivyohivyo: walipofika kwenye sura ya 14 ya Mwanzo, ambapo Abramu anaitwa Mwebrania kwa mara ya kwanza, waliandika neno la Kigiriki lenye maana ya mtu wa ng'ambo, mvukaji. Wengine hulihusisha jina hilo na Eberi, babu anayetajwa katika nasaba za Mwanzo, lakini hata Eberi jina lake ni la mzizi uleule. Kwa hiyo Mwebrania na abiria ni binamu, na sisi wasemaji wa Kiswahili tumekuwa tukimtaja mmoja wao kila siku kwenye daladala.

Lakini nani aliwaita hivyo, na kwa nini? Mwaka 1887 huko Tell el-Amarna, kando ya Mto Nili, wanakijiji waliibua ardhini mabamba ya udongo yaliyoandikwa kwa mwandiko wa kikabari. Yalikuwa zaidi ya 300, na mengi yao ni barua ambazo wafalme wadogo wa Kanaani walimpelekea Farao katikati ya karne ya 14 KK. Mmoja wa waandishi hao ni Abdi-Heba, mtawala wa Yerusalemu. Barua zake husomeka kama malalamiko ya mkuu wa wilaya aliyesahauliwa na makao makuu: anaanguka miguuni pa mfalme mara saba na mara saba, anasema anasingiziwa, anakumbusha kwamba hakuwekwa kitini na baba yake wala mama yake bali na mkono wa mfalme, anaomba japo askari 50 wa kulinda nchi, na mwishoni anamgeukia karani wa Farao atakayeisoma barua hiyo na kumsihi ayafikishe maneno yake kwa uzuri. Adui anayemkosesha usingizi anamwita Habiru. Habiru wanatwaa miji ya mfalme, anasema, na wakuu wenzake wanashirikiana nao.

Barua hizo ziliposomwa kwa mara ya kwanza, watu walidhani wameshika ushahidi wa Yoshua akiingia Kanaani. Furaha hiyo ilipoa kadiri neno lenyewe lilivyozidi kuonekana kwingine: katika miji ya kale ya Mari, Nuzi, Alalakh na Ugarit, kwenye kumbukumbu za Wahiti na za Wamisri, kwa muda wa karne nyingi na katika nchi zilizo mbali na Kanaani, huku watu wanaoitwa hivyo wakiwa na majina ya lugha mbalimbali. Habiru hawakuwa kabila. Walikuwa watu waliotoka kwao: wadeni waliokimbia, askari wa kukodiwa, watoro, wahamiaji wasio na ukoo wa kuwatetea. Huko Nuzi wapo waliojiandikisha kuwa watumishi wa nyumba za watu ili mradi wapate chakula na mavazi. Hata mwana wa mfalme aliweza kuwa mmoja wao, kwani Idrimi, ambaye sanamu yake iliyofukuliwa mwaka 1939 iko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, ameandika mwilini mwa sanamu hiyo kwamba baada ya kukimbia kwao aliishi miaka saba kati ya Habiru kabla ya kuupata ufalme wa Alalakh.

Je, Habiru ni neno moja na Mwebrania? Wataalamu wa lugha wanabishana, maana mwandiko wa Ugarit na wa Misri unaonyesha sauti ya "p" mahali pa "b", na hilo si dogo. Mimi naegemea upande wa wanaosema kwamba majina haya mawili yana uhusiano, kwa sababu ambayo haimo katika sauti bali katika namna Biblia yenyewe inavyolitumia neno Mwebrania. Waisraeli wakizungumza wao kwa wao hawajiiti hivyo. Ni mke wa Potifa anayelitamka akimshtaki Yusufu, ni watu wa Farao, ni Wafilisti, au ni Mwisraeli mwenyewe akijieleza mbele ya mgeni. Sheria ya Kutoka 21 inalitumia kwa mtumwa aliyenunuliwa, atakayetumika miaka 6 na kwenda huru mwaka wa 7. Na katika Samweli wa Kwanza, sura ya 14, kuna mstari ambao nilipita juu yake miaka yote bila kuushangaa: Waebrania waliokuwa upande wa Wafilisti waligeuka vitani na kujiunga na Waisraeli waliokuwa pamoja na Sauli. Waebrania waligeuka wakajiunga na Waisraeli! Mwandishi wa mstari huo hakuyaona maneno hayo mawili kuwa kitu kimoja.

Msome Daudi kwa jicho hilo. Yuko pangoni Adulamu na watu kama 400, nao ni kila aliye katika dhiki, kila mwenye deni na kila mwenye uchungu moyoni. Baadaye anakodiwa na Akishi, mfalme wa Gathi, na wakuu wa Wafilisti wanapowaona katika msafara wa vita wanauliza Waebrania hawa wanatafuta nini hapa. Abdi-Heba angewatambua mara moja. Hata Abramu, katika ile sura ya 14 anayoitwa Mwebrania, hachungi kondoo: ana watu 318 wenye silaha, amefanya mapatano na Waamori, na anawafukuzia wafalme usiku.

Mpaka hapa nimesema habari za jina la hali ya maisha. Jina la taifa ni Israeli, na hilo lina cheti chake. Mwaka 1896 mwanaakiolojia Flinders Petrie alifukua magharibi mwa Luxor, katika mabaki ya hekalu la Farao Merneptah, bamba la jiwe lenye urefu unaozidi mita 3, la kama mwaka 1208 KK. Sehemu kubwa ya maandishi yake husifu ushindi dhidi ya Walibya, na mistari michache tu ya mwisho ndiyo inayotaja Kanaani: Ashkeloni ametwaliwa, Gezeri ameshikwa, Yanoamu amefanywa kana kwamba hayupo, Israeli ameharibiwa na mbegu yake haipo tena. Majigambo ya Farao mnayajua. Kilicho muhimu zaidi ni alama moja ndogo. Mwandiko wa Kimisri huweka mwishoni mwa jina alama isiyotamkwa, inayoeleza ni jina la kitu cha aina gani, mfano wa ngeli zetu lakini kwa macho tu. Ashkeloni, Gezeri na Yanoamu wamewekewa alama ya nchi ya kigeni, vilima vitatu. Israeli amewekewa mwanamume na mwanamke walioketi, na chini yao vistari vitatu vya wingi. Karani wa Merneptah, ambaye hakuwa na sababu ya kumfurahisha mchungaji wala mwanahistoria yeyote, alijua kwamba Israeli ni watu na si mji.

Watu hao walikuwa wakiishi wapi? Baada ya mwaka 1967 wanaakiolojia walizunguka vilima vya kati, kuanzia Hebroni hadi juu ya Shekemu, wakiokota vigae na kuhesabu misingi ya nyumba. Israel Finkelstein na wenzake walikuta kwamba katika karne za 12 na 11 KK vilichipuka huko vijiji takriban 250, mahali ambapo hapo awali palikuwa karibu patupu. Vilikuwa vijiji vidogo visivyo na jumba la mfalme wala vyombo vya fahari kutoka ng'ambo. Nyumba zilikuwa na safu za nguzo za mawe, mifugo ikilala chini upande mmoja. Kulikuwa na mitungi mikubwa yenye mkanda wa udongo shingoni, mashimo ya kuhifadhia nafaka, visima vilivyochongwa mwambani kukusanya maji ya mvua, na matuta. Nilipoziona picha za matuta hayo nilimwelewa baba mdogo kuliko nilivyopenda kukiri, kwa maana ukiziweka mbele ya mtu wa Usangi atauliza ni kitongoji gani. Ila mlima ukiwa mkali na udongo ukiwa haba, kila mkulima duniani atajenga ukuta wa mawe, awe Mpare, Mwebrania au mtu wa Yemeni.

Hakuna katika vijiji hivyo kinachoonyesha kwamba wenyeji wake walitoka nchi ya mbali. Vyungu vyao ni mwendelezo wa vyungu vya Kanaani. Lugha yao ni tawi la Kikanaani, na nabii Isaya anaiita hivyo waziwazi, lugha ya Kanaani. Jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu wa karne ya 9 KK, lililoonekana Dhiban mwaka 1868, limeandikwa kwa lugha ambayo msomaji wa Kiebrania huifuata kwa taabu ndogo tu, kama Mtanzania anayesikiliza Kiswahili cha Mombasa. Hata jina Israeli limebeba El, mungu mkuu wa Wakanaani tunayemfahamu kutokana na mabamba ya Ugarit, wala halikubeba Yahwe. Tofauti inayosemwa sana ni mifupa ya nguruwe, ambayo katika vijiji vya vilimani ni adimu huku katika miji ya Wafilisti ikiwa mingi, ingawa nayo ina utata wake, kwani Wakanaani wengine wengi pia hawakufuga nguruwe. Kuhusu Yeriko na Ai, miji ambayo Biblia inasema Yoshua aliiteka, nitasema kwa ufupi, maana yamesemwa mno: mwanaakiolojia Kathleen Kenyon alichimba Yeriko kati ya mwaka 1952 na 1958 bila kukuta ukuta wa mji wa zama zinazohusishwa na Yoshua, na kilima kinachodhaniwa kuwa Ai hakikuwa na mji kwa zaidi ya miaka 1,000 kabla ya wakati huo. Hazori ndio mji ulioteketea kwa moto mkubwa katika karne ya 13 KK, na aliyeuwasha hajulikani.

Baba mdogo atauliza: basi Musa hakuwepo? Hapana, sisemi hivyo, na ningewaomba wanaoshangilia vigae watulie kidogo. Ukoo wa Lawi umejaa majina ya Kimisri. Musa ni jina la Kimisri, Hofni pia, na Finehasi maana yake ni Mnubi. Mtu hatungi hadithi ya kujitukuza akidai babu zake walikuwa watumwa, halafu akawapa makuhani wake majina ya watesi wao. Inaelekea kwamba kundi fulani, dogo kuliko wale wanaume 600,000 wa kitabu cha Kutoka, lilitoka Misri kweli, likaja na jina la Yahwe kutoka jangwa lile la Washasu, likawakuta vilimani wakulima waliokwishaukimbia mzigo wa wafalme wa mabondeni, na hadithi ya safari yake ikawa hadithi ya wote. Kitabu cha Kutoka chenyewe kinasema waliotoka walichangamana na watu wengine wengi.

Sisi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki tuna sababu ya kulielewa hilo haraka. Kwa miaka mingi wasomi walizichukulia habari za masultani wa Kilwa kutoka Shirazi, Uajemi, kuwa ni fahari ya kubuni, kwa sababu miji ilikuwa imeanza kama vijiji vya wenyeji na vyungu vyake vilikuwa vya hapahapa. Mwaka 2023 ukachapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800, ukaonyesha kwamba mama zao wengi walikuwa Waafrika na kwamba tangu kama mwaka 1000 damu ya wanaume wa Kiajemi ilikuwa imeingia. Vyungu havikusema uongo, na wazee hawakusema uongo.

Wimbo wa Debora, katika sura ya 5 ya Waamuzi, unahesabiwa na wengi kuwa kati ya maandishi ya kale kabisa ya Biblia, na ndani yake unaona taifa hilo likiwa bado halijashikana. Debora anaita vitani. Efraimu, Benyamini, Zabuloni, Isakari na Naftali wanakuja. Reubeni amebaki mazizini akisikiliza filimbi za wachungaji, Gileadi amekaa ng'ambo ya Yordani, Dani yuko merikebuni, Asheri ametulia pwani kwenye hori zake. Yuda, ambaye kwake ndiko linakotoka neno Myahudi, hatajwi hata kwa kulaumiwa. Lawi na Simeoni pia hawamo. Haya ndiyo makabila kabla hayajawa 12, na kinachomfanya mtu awe wa Israeli hapo ni kwamba alipoitwa alikuja. Karne kadhaa baadaye Ezekieli atauambia Yerusalemu kwamba baba yake alikuwa Mwamori na mama yake Mhiti, na Amosi, mkali kuliko wote, atawauliza Waisraeli kama mbele za Mungu wao si sawa na Wakushi. Manabii hawakuwa na haya kuhusu asili yao. Haya hiyo tumekuwa nayo sisi, kwa niaba yao.

Na Yona je? Alifika bandarini Yafa akatoa nauli, akapanda merikebu, kwa hiyo huyu ni abiria kwa maana zote mbili. Dhoruba ilipowazidia, mabaharia wakamrushia maswali: kazi yako ni nini, umetoka wapi, nchi yako ni ipi, wewe ni mtu wa kabila gani? Hakutaja kazi yake, wala mji wake, wala kabila lake lolote kati ya yale 12. Alisema, "Mimi ni Mwebrania", jina ambalo wageni wangelielewa, akaongeza ni Mungu yupi anayemcha.

Niliyapeleka haya yote kwa baba mdogo kabla ya kuyachapisha, maana ni mkubwa wangu na swali ni lake. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaniandikia: "Nimekuelewa, mwanangu. Ya ngeli umenishinda. Ila kama kuwa Mwebrania ni kutoka kwenu na kuvuka, mimi nilivuka kwenda kufundisha Kigoma mwaka 1978 na nikarudi na deni."